Kwa nini niifute picha niliyopigia Marikiti?

Jumamosi moja asubuhi nlikuwa Marikiti, soko letu la hapa Mombasa, upande ule wa viungo, jua ndo linaingia kati ya magunia ya bizari na pilipili, na babu mmoja muuza karafuu ameinama anapepeta kwa ungo. Nikamuomba, babu nikupige picha? Akanambia piga mwanangu, lakini uniletee nione. Nikapiga tatu. Ya nne sikuwahi manake nlishikwa bega.

Askari wawili. "Kijana, nani amekupa ruhusa ya kupiga picha hapa?" Nikasema afande, huyu babu mwenyewe, na babu akaitikia kweli nimempa. Wakasema hapa ni soko la kaunti, futa hizo picha ama twende stesheni. Nauliza kosa langu ni gani, naambiwa utalijua hukohuko. Na hapo pembeni kuna binti anajirekodi TikTok na simu, soko zima liko nyuma yake, hakuna alomuuliza kitu.

Nikafuta, wallahi nimefuta zote tatu mbele yao. Saa nane nlikuwa na arusi ya watu ya kupiga picha Majengo, na ukiwekwa ndani Jumamosi ile saa 24 ya kufikishwa kortini inasukumwa mpaka siku korti itakapofungua, yani Jumatatu, wanalijua hilo na sisi twalijua, ndo maana hiyo "twende stesheni" ina nguvu kuliko sheria yenyewe.

Mimi nauliza hivi: kama ile picha ni kosa basi ni ushahidi, sasa askari anafutishaje ushahidi? Na kama si kosa, anaifutia nini? Kifungu cha 33 cha Katiba kinanipa uhuru wa kutafuta na kutoa habari, na uhuru wa sanaa pia. Cha 49 kinasema nikikamatwa niambiwe sababu papo hapo na kwa lugha ninayoielewa, na "utalijua hukohuko" si sababu.

Sisemi kila mahali ni pa kupiga. Feri ya Likoni kumekatazwa, twajua, kambi za jeshi kadhalika, huwezi kusimama langoni na lenzi ukategemea uchekewe. Na Mji wa Kale mama amekaa barazani kwake, humpigi bila kumuomba, faragha ni haki yake kwenye kifungu cha 31, na hata kabla ya Katiba hiyo ilikuwa heshima tu. Lakini hayo ni baina yangu na mama, akikataa nashusha kamera na namuomba radhi. Marikiti hakuna kibao, babu amekubali, sasa askari anamlinda nani?

Vijana wanaopiga wageni picha pale Mapembeni, kwenye zile pembe za ndovu za barabarani, na ufukweni Mama Ngina wanayajua haya kuliko mimi, mtu anatafuta riziki yake, anarusha picha kwa WhatsApp apate hela ya unga, halafu anafukuzwa kama mwizi ama anatoa chai ndo aachwe.

Na hizi picha za watu wa kawaida zina kazi. Septemba 2019 gari lilipoteleza kwenye feri hapo Likoni likazama na mama na mwanawe, nchi iliona kwa video ya mtu tu. Juni 2025 kule Nairobi, muuza barakoa alipopigwa risasi ya kichwa na polisi mchana kweupe, ni kamera ndo ilofanya isiwezekane kukanushwa. Wangeambiwa wafute wale, leo tungekuwa twabishana kama yalitokea.

Wenzangu, ukiambiwa ufute uliza kwa upole kosa ni gani, na ukipelekwa dai kamera yako iandikwe kwenye OB, lile daftari la matukio la polisi. Na ikikushinda kama ilivonishinda mimi, basi itoe ile kadi ya kamera inayoweka picha, usipige tena juu yake, picha iliyofutwa huwa bado imo na programu za kuirudisha zipo. Mimi sikuwa na kadi nyingine, arusi yote nikaipigia humo humo, kwa hivo kati ya zile tatu nimeipata moja, ya mikono na ungo, uso hauonekani vizuri. Nimeitoa kwa karatasi nikampelekea babu, ameibandika ukutani juu ya magunia.