Bomba la kitambaa likishika usaha, aota ya marehemu inarudi

Watu wakisikia kuchangia viungo wanawaza figo, wakijitahidi sana moyo. Mishipa ya damu hakuna anayeikumbuka na mi naona hapo tunakosea.

Aota ni ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, unashuka mpaka usawa wa kitovu ndo unagawanyika kwenda miguuni. Ukivimba kama puto wanaweka bomba la polista, Dacron, ambalo Michael DeBakey, daktari wa upasuaji wa Houston, Marekani, miaka ya 1950 alilishona kwa cherehani ya mkewe, alienda dukani kutafuta nailoni akakuta imeisha akabeba iliyokuwepo (bahati gani hii jamani!). Linadumu miaka na miaka, ila bakteria wakishaingia kwenye nyuzi wanajifunika utando, antibayotiki haziwafikii, mtu anakaa na homa zisizoeleweka, wengine bomba linatoboa mpaka utumbo wanaanza kutapika damu. Hapo litolewe. Sasa ukishalitoa unaweka nini?

Ndo inarudi aota ya marehemu. Nasema inarudi sababu daktari Charles Dubost wa Paris aliitumia 1951, baadae ikaachwa maana miaka ikienda inatanuka na kujaa chokaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Édouard Kieffer, Paris hukohuko, akairudia kwa wagonjwa wa maambukizi. Siku hizi inagandishwa kwa nitrojeni, ikiyeyushwa daktari anapitia vitobo vya matawi yake kimoja kimoja anavishona, akisahau kimoja kinavuja, halafu anaizungushia ule utando wa mafuta wa tumboni.

Sio muujiza, inaweza kupasuka, na antibayotiki mtu anaendelea nazo wiki kibao. Wapo wanaolowesha bomba jipya kwenye rifampisini, ndiyo, ileile ya TB, wengine wanachukua vena, mishipa inayorudisha damu, za mapaja ya mgonjwa mwenyewe, lakini kuzitoa ni masaa mengi mezani na mtu anayetapika damu hana hayo masaa. Mi ningechagua ya marehemu. Shida ni kuipata, tena yenye upana na urefu unaofaa, na haipo kama hakuna familia iliyokubali wakiwa katikati ya msiba.

Nyumbani nimeshawaambia, siku yangu ikifika wasiishie kwenye figo. Mama mdogo kaniangalia weee, akaendelea kuchambua mchele wake.