Maji Mengi, Maji Machache na Swali la Nikodemo

Nilibatizwa nikiwa na miezi mitatu. Sikumbuki chochote. Ninacho cheti tu, kile nilichokipekua kabati zima wakati wa kufunga ndoa. Miaka baadaye rafiki yangu mmoja, mlokole hasa, akaniambia kwamba ule haukuwa ubatizo, nilirushiwa maji tu. Kwake ubatizo ni wa maji mengi, na mtu azame akiwa na akili zake.

Hoja yake si ya kubezwa. Neno la Kigiriki lililotuzalia "kubatiza" lina maana ya kuzamisha, na Paulo katika Warumi 6 anasema tulizikwa pamoja na Kristo. Maiti hafukiwi kwa konzi moja ya udongo. Hata hivyo Didache, mwongozo wa kanisa la kale, unataka maji yanayotiririka, kisha unaruhusu kumimina kichwani mara tatu yakikosekana ya kutosha. Wale wazee walijua kuna mahali maji ni shida.

Kinachonikera ni namna tunavyotamba na "kuzaliwa mara ya pili" kana kwamba tulijizaa. Katika Yohana 3 neno lenyewe la Kigiriki ni anothen, na lina maana mbili: tena, au kutoka juu. Nikodemo, yule mkuu wa Wayahudi ambaye Yesu alimwambia neno hilo, alishika ile ya kwanza, ndipo akauliza mzee atarudije tumboni mwa mamaye. Biblia yetu nayo imeandika "mara ya pili", ingawa neno lilo hilo katika aya ya 31 imeliandika "kutoka juu". Mimi naisoma ya juu. Hakuna mtoto aliyechagua siku ya kuzaliwa wala kumsaidia mkunga, kwa hiyo miezi yangu mitatu hainitii aibu, na majini sikurudi.

Ila cheti nacho kisinilevye. Simoni wa Samaria, yule mchawi wa Matendo 8, aliamini, akabatizwa (na sidhani kwa maji machache), kisha akatoa fedha ili anunue uwezo wa kuwapa watu Roho. Petro akamwambia moyo wake si mnyofu.

Na Nikodemo? Yohana hasemi kama alizamishwa au alimiminiwa. Anasema tu kwamba yule aliyemwendea Yesu usiku ndiye aliyekuja kumzika, amebeba manemane na udi, yapata ratli mia.