Nilienda Kuokoa Kigali, Nikarudi na Jembe

Siku ya kutuaga, Mchungaji alihubiri habari za Krapf. Kwamba mwaka 1844 mmisionari yule alifika Mombasa na mkewe, na kabla mwaka haujaisha akamzika mke pamoja na mtoto mchanga huko Mkomani, Nyali, lakini kazi hakuiacha. "Sisi tuliletewa Injili kwa machozi," akasema, "sasa ni zamu yetu kuipeleka kwa wengine." Nia yake ilikuwa kututia moyo. Mama yangu, aliyekaa safu ya pili, alisikia "akamzika" peke yake, akaangua kilio cha msibani, na kanisa zima likaitikia haleluya likidhani ni upako.

Tulikuwa tunakwenda Kigali kwa basi. Mimi naimba besi, na kwenye safari za kanisa watu wa besi ndio wabeba spika. Mambo ya pasipoti hayakutusumbua, maana tangu 2014 Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho tu. Tulichohangaikia ni chakula. Mpwani hasafiri mikono mitupu: huyu achari, yule kaimati, mwingine mahamri ya kutosha harusi. Mimi nilibeba mabuyu ya kuwazawadia wenyeji, yale mekundu yenye pilipili, yamefungwa kwenye vimfuko vidogo vya nailoni.

Pale mpakani Gatuna ndipo nilipoambiwa kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya nailoni tangu 2008. Sisi Kenya tulipiga yetu marufuku 2017, lakini mabuyu hatukuyaambia. Askari kijana alifungua begi langu kwa adabu mpaka nikaona haya. Akachomoa kifuko kimoja, akakikata, akanimiminia mabuyu kiganjani. Akachomoa cha pili.

"Sasa haya nitayatia wapi, kaka?"

"Popote, mzee, ila si kwenye hii."

Kitambaa kilichokuwa karibu ni joho langu la kwaya, jeupe, limepigwa pasi na mama kwa machozi yale yale. Nikayafunga humo. Nje kulikuwa na manyunyu, na rangi ya mabuyu ikiona unyevu haisubiri kubembelezwa.

Basi likaondoka, na mara likahamia upande wa kulia wa barabara, kwa sababu Rwanda ndivyo wanavyoendesha. Hatukuwa tumeambiwa. Mama mmoja wa maombi aliamka usingizini, akaona taa za lori zinakuja kushoto kwetu, akaanza kukemea pepo wa ajali. Alimkemea mpaka tukaingia mjini, na hadi leo anahesabu safari ile kuwa ushindi wake.

Mkutano wetu wa barabarani ulipangwa Jumamosi asubuhi. Waliopanga walikuwa Mombasa. Saa mbili tukatoka na spika, nikiwa nimeibeba begani, na hatukuona mtu. Maduka yamefungwa, hakuna gari, hakuna pikipiki, hata mtoto wa kulia hakuna. Mtu aliyezoea Kongowea, ambako hata usiku wa manane kuna anayegombea bei ya nyanya, kimya cha namna ile kinamtisha. Mama wa maombi alitazama juu mawinguni, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ndogo:

"Ndugu zangu. Wamenyakuliwa."

Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alianza kuhesabu walioachwa, nikaona macho yote yanatua kwa Mchungaji. Yupo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akatokea polisi, akatueleza taratibu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Nchi nzima, wenye miaka 18 hadi 65 wanatoka kufanya kazi za mtaa mpaka saa tano, ndipo maduka yafunguliwe. Nyuma ya kona tukawaona, umati wa watu bondeni wanachimba mtaro. Wageni hawalazimishwi, akasema, ila tunakaribishwa. Spika ikabaki kwa polisi, mimi nikapewa jembe.

Nilichimba kando ya bwana mmoja aliyesema anafanya kazi benki, viganja vimeota malengelenge, na anacheka. Walipomaliza walikaa chini ya mti wakajadili mambo ya mtaa wao, nani paa linavuja, njia gani imeharibika, bila mtu kumrushia mwenzake matusi. Machozi yalinitoka. Tulikwenda kuwahubiria, na hakuna aliyesikia hata aya moja kutoka kwetu, lakini mimi niliokoka upya pale mtaroni.

Jumapili nikavaa joho. Lilikuwa limegeuka rangi ya waridi, na hiyo rangi ilikuwa imeenea vizuri kuliko fundi yeyote angeweza. Wenyeji waliona kundi la watu wenye majoho meupe na mmoja wa waridi, wakanichukua moja kwa moja hadi kiti cha mbele chenye mto. Nikamgeukia Mchungaji anisaidie. Yeye alishasikia kwamba sheria ya kule ya 2018 inataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, na tangu mpakani hakuwa na raha. Akaninong'oneza: "Keti hapo hapo, Baba Askofu." Nikafunga ibada kwa baraka. Mikono ilinuka pilipili.

Nilirudi Kisauni nikiwa mtu mwingine. Kengeleni nilimwomba kijana wa boda helmeti ya abiria, akaniuliza kama tunakwenda vitani. Kwenye matatu niliokota maganda ya ndizi ya watu wengine, kondakta akadhani nimepoteza simu. Halafu ikafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, masika yamepamba moto, nikaamka saa kumi na mbili na kugonga milango ya nyumba nzima.

Mama mwenye nyumba alitoka na leso yake. "Mwanangu, kweli ulirudi salama?"

Walikuja watoto, na vijana wawili wa boda waliodhani kuna malipo. Mtaro mbele ya nyumba ulikuwa umeziba siku nyingi. Tukatoa vifuu vya madafu, kiatu cha harusi, nusu ya redio. Chini kabisa kulikuwa na godoro limekunjwa, limebanwa na magunia ya mchanga.

"Hilo liache," mama mwenye nyumba akasema.

"Bibi, Kigali nimeona..."

"Hilo godoro aliliweka marehemu mume wangu kwa mikono yake. Liache, nakwambia."

Nikawageukia watoto, nikawaambia kwamba mawazo kama hayo ndiyo yanayoturudisha nyuma. Nikavuta.

Lilitoka kwa kishindo. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yote ya huko juu yalikuwa yamesimama nyuma yake. Kiwanja chetu kiko chini ya barabara, jambo ambalo marehemu alilijua vizuri. Maji yakapita mlangoni kama yana mwaliko, yakabeba ndala, sufuria ya mbaazi na kuku mmoja aliyesimama juu ya kifuniko akitazama mbele. Na bado nasema: jirani wa chini asingejenga choo juu ya mtaro, yale maji yangekwenda baharini zake, na leo watu wangekuwa wananishukuru.

Ikabidi mtaro uzibwe haraka. Godoro la marehemu lilikuwa limechanika mikononi mwangu. Mama mwenye nyumba hakunisemesha. Alipandisha leso, akaingia chumbani kwangu na wale vijana wa boda, wakatoka na langu, la inchi nane, bado na plastiki ya dukani upande mmoja. Lilikaa sawasawa. Maji yakakata pale pale, na watu wakapiga makofi.

Sasa kanisa linachangisha safari ya Zambia, nami jina langu limo. Mama mwenye nyumba ni Mwislamu, kanisani kwetu hajawahi kukanyaga, lakini juzi alimtuma mjukuu wake na bahasha. Ndani mlikuwa na elfu nne na karatasi aliyoandikiwa na mtoto: "Nauli ya kwenda."