Anayemuuguza Mgonjwa wa Moyo Naye Aulizwe Hali

Kaka yangu alipotoka hospitalini, moyo wake ukiwa umechoka kusukuma damu, maelezo yote alipewa yeye. Shemeji alikuwa nje kwenye benchi, mkoba wa nguo mapajani. Na ni shemeji huyo huyo ambaye angepika, angehesabu vidonge, angeamka usiku mume akikosa pumzi. Alienda nyumbani na agizo moja tu: punguza chumvi.

Akaipunguza. Kisha akaiondoa kabisa jikoni. Lakini mrenda na kunde aliendelea kuzitia magadi kama alivyofunzwa na mama yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba magadi pia yana sodiamu, ile ile inayoufanya mwili ushike maji. Wiki ya tatu miguu ya kaka ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Sisemi ni magadi pekee yaliyoturudisha wodini. Nasema shemeji alitazamwa kama mkosaji, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mara ya pili, muuguzi mmoja aliketi naye dakika 20. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla ya chai, namba iandikwe daftarini. Ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, pigeni simu, msingoje siku ya kliniki. Atembee kila siku, ila aweze kuzungumza akitembea. Pumzi ikimkatiza maneno, apumzike. Dakika 20! Kwa nini hazikupatikana mara ya kwanza? Mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla anayemuuguza hajaitwa ndani, akaelezwa kwa lugha anayoielewa, na kuulizwa anapika nini.

Shemeji huuza mitumba katika soko la Kibuye hapa Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yenyewe ya soko. Alikosa Jumapili nane mfululizo. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana ikapita, marobota yakabaki chini ya kitanda. Wageni nao walifurika kutoa pole, wakaketi, na yeye akawapikia chai. Sisi watu wa Kisumu tunajua kuchangia bili ya hospitali, na matanga tunayachangia hata zaidi. Jumapili ya mwanamke huyu haikuchangiwa na mtu.

Walioajiriwa nao hawana afueni. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za likizo ya mwaka, na likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua. Ya kumuuguza mume au mzazi haimo. Natamani wabunge wetu waliguse hili.

Wakati tukisubiri, kuna wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wanapita mitaani na mashine za kupimia presha. Wetu alipofika mtaani kwetu Manyatta alimpima kaka, akaanza kufunga mfuko. Nikamwomba ampime na shemeji. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa.

Siku hizi Jumapili ni zamu yangu. Juzi shemeji alitoka alfajiri na robota lake. Mimi na kaka tukatembea hadi barabarani na kurudi, naye akaniongelea timu ya Gor Mahia njia nzima bila kukatizwa na pumzi.