Viazi vya Okidi: Chikanda Ina Haki Kiasi Gani juu ya Maua ya Kitulo?

Anayefukua okidi ya ardhini katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania hukuta viazi viwili vidogo chini ya shina moja. Kimoja kimesinyaa na kulegea, kwa kuwa ndicho kilicholisha shina na maua ya msimu huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, nacho ni akiba ya mmea kwa msimu ujao. Mchimbaji huchukua kile kigumu, kwa sababu ndicho chenye soko, na mmea ukikosa akiba hiyo haurudi tena. Kwa maoni yangu, mjadala wa biashara hii uanzie hapo, kabla ya kufika kwenye sheria na mila.

Viazi hivyo huenda Zambia kupikwa chikanda, chakula cha jadi cha Wabemba ambacho leo huuzwa hata katika masoko ya mijini. Hukaushwa, hutwangwa vikawa unga, kisha unga huo huchanganywa na wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, ukasongwa katika maji ya moto hadi ushikamane. Mpishi huweka makaa juu ya kifuniko ili na upande wa juu uive, na donge la kahawia linalotoka hukatwa vipande na kuliwa likiwa limepoa. Okidi za miombo na mabonde ya Zambia zilipoanza kuadimika kwa kuchimbwa, wanunuzi waligeukia ng'ambo ya mpaka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa kati ya viazi milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikitoka nyanda za juu kusini kila mwaka.

Wanaoitetea biashara hii wana hoja nzito. Chakula hiki ni urithi wa watu, si anasa iliyozuliwa juzi, na kwa familia isiyo na mshahara gunia la viazi ni ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Tena kilimo nacho kimemeza makazi mengi ya okidi, na si haki mwenye jembe dogo la kuchimbia alaumiwe peke yake. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa na takriban kilomita za mraba 412, inalinda aina zipatazo 45 za okidi katika uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Lakini uzio wa kisheria haujapunguza hamu ya mlaji wa Lusaka, na mchimbaji aliyezuiwa huku anaweza kuhamia kilima kingine kisicho na askari.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba neno mila litoshe kuhalalisha mamilioni ya viazi. Mila ilikuwa na kipimo chake: mtu alichimbia chungu cha nyumbani kwake, karibu na kwake, na eneo likipungukiwa yeye mwenyewe ndiye aliyekosa. Soko la mbali limeondoa kipimo hicho, kwa kuwa anayekula haoni kilima kilichobaki na mashimo. Kupanda okidi shambani, jambo linalopendekezwa mara nyingi, si suluhisho la karibu, kwani mbegu yake ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti porini isipokuwa imekutana na kuvu inayoilisha.

Mkataba wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unataka kibali kwa okidi za porini zinazovuka mpaka, na ni vema ubaki. Lakini kiazi kilichokaushwa hakimwonyeshi afisa wa forodha kimetokana na okidi ya aina gani. Hata chikanda iliyokwisha kupikwa imebidi ipimwe vinasaba ndipo aina zilizomo zijulikane. Ndiyo maana naona ulinzi wenye tija ni ule wa kijiji, kwa sheria ndogo zinazofunga maeneo kwa miaka kadhaa na kumbana kwanza mnunuzi anayekusanya magunia, huku mama anayechimba viazi vichache kwa mlo wa watoto wake, nje ya hifadhi, akiachwa bila kufikishwa mahakamani.