Asilimia 51

Najua ujumbe wa sauti wa Shemeji, ule wa kusimulia aibu yangu ya Jumamosi, umeshawafikia humu kwenye kundi. Dakika nne nzima, na ndani yake ananiigiza kwa kuongea puani. Tangu asubuhi mnaniandikia "51 vipi?" kana kwamba ndilo jina nililobatizwa. Sasa ngoja niseme mwenyewe, maana Shemeji ametia chumvi mpaka chakula hakiliki. Sikulia. Machozi yalinitoka kwa pilipili ya yale mabawa ya kuku. Na sikupiga magoti. Nilikaa chini kwa haraka, ni vitu viwili tofauti.

Jumamosi, Houston, huku Marekani. Mshahara wa kwanza umeingia, na watu walionibeba tangu nilipotua mwezi wa tano nilikuwa nawadai shukrani, au wao wananidai, vyovyote. Tuko watano: mimi, Shemeji, Mama Kelvin, kijana mmoja wa Tanga, na Baba Frida. Baba Frida mnamjua: buti za ng'ombe, mkanda wenye kichwa cha ng'ombe, na kiunoni, chini ya shati, bastola. Tena ana leseni yake. Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia anaweza kubeba bila leseni, lakini Baba Frida alishasoma darasa, akalenga shabaha, akafaulu, na kadi anaitoa hata asipoulizwa.

Basi nikawapeleka baa moja ya kula na kunywa, nikatangulia mlangoni kama mwenye shughuli. Hapo ndipo nikaliona. Bango, na katikati namba nyekundu yenye urefu wa kiganja: 51%. Nyuma ya namba kuna maandishi meusi, mengi, Kiingereza na Kihispania.

Jamani. Niambieni ukweli. Nani kati yenu amewahi kusoma maandishi ya nyuma ya punguzo? Mimi nilijua hayo ndiyo yale yetu ya vigezo na masharti kuzingatiwa.

Na msinione mshamba, nimekulia Mbagala, mabango nayajua. Nimesoma "Nyumba hii haiuzwi". Nimesoma "Kukopa harusi, kulipa matanga". Nimesoma "Marufuku kukojoa hapa" huku miguu ikiwa tayari imelowa. Kwetu mlangoni mwa benki unaambiwa uvue kofia na uzime simu, basi. Mwenye bunduki ni mlinzi peke yake, na amekalia kiti cha plastiki. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba ipo nchi ambayo mlango wa baa unatakiwa kumkumbusha mteja kuhusu kiuno chake.

Baba Frida alifika mlangoni, akalitazama bango, akasimama. Akajigusa ubavuni. "Nisubirini, narudi garini mara moja."

Mimi nikajua kasahau pochi. Nikamshika mkono: "Mzee, acha! Leo huhitaji kitu. Huoni? Asilimia 51!"

Akaniangalia. "Ndiyo maana narudi," akasema, akaenda zake.

Nikajua anakwenda kuongeza hela ili ale zaidi. Moyoni nikampongeza.

Ndani nikawa tajiri. "Agizeni!" Mbavu za kuchoma zikaja. Mabawa yakaja. Kamba wakaja. Kijana wa Tanga alipoona nasema agizeni kwa sauti ile, akaagiza mara mbili, na cha pili akakifungasha. Kila sahani ikitua, mimi naitoa simu, naishika chini ya meza, napiga hesabu, nairudisha. (Shangazi zangu mlioko humu, nilichokunywa ni soda ya tangawizi. Chupa tano. Muulizeni yeyote isipokuwa Shemeji.) Nilishafika dola 240. Toa asilimia 51, inabaki 117 na senti 60. Nikajisemea, Marekani ukiijulia haina shida.

Bili ikaja kwenye kile kijalada cheusi. Nikakifungua taratibu, kwa kidole kimoja, kama bwana mkubwa.

240.

Nikageuza karatasi. Nyuma tupu. Nikairudisha mbele. 240, na kodi juu yake.

Nikamwita mhudumu, binti mpole tu, nywele kazifunga mkia. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayesamehe: "Dada, mmesahau ile 51."

"Samahani?"

"Ile 51. Ya mlangoni."

Akageuka kuutazama mlango, akanigeukia tena. "Lile bango?"

"Ndiyo. Lile bango linanihusu mimi." Kisha, kwa ukarimu wangu, nikamnyooshea kidole Baba Frida: "Na huyu mzee pia. Ndilo lililotuleta."

Baba Frida aliacha kutafuna. Ubavu wa ng'ombe ukabaki hewani, kati ya sahani na mdomo.

Yule binti akanyanyua trei taratibu mpaka kifuani. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Unayo hapo ulipo? Sasa hivi?"

Wadau, jiwekeni pale. Mimi ni mtu wa miezi mitatu nchini. Nilichojifunza kwa miezi hiyo mitatu ni kwamba punguzo la hapa halikai hewani, linakaa kwenye simu. Dukani wanakuuliza unayo programu yetu, unayo kuponi. Ukionyesha simu, wanapunguza. Kwa hiyo swali lake nililielewa vizuri kabisa.

"Ninayo," nikasema. Na nikatabasamu. "Ngoja nikuonyeshe."

Na simu yangu inakaa wapi? Shemeji hili kalisema kwa kufupisha, mimi nalisema lote, aibu ni yangu. Simu yangu inakaa kwenye kipochi cheusi cha mkandani nilichonunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Upande wa kulia. Chini ya shati.

Mkono ukaondoka mezani. Nauona mpaka leo, kama si wangu. Ukashuka, ukapita kwenye kitambaa cha mapajani, ukalinyanyua shati. Kidole gumba kikaingia chini ya kifuniko cha kipochi. Kile kipochi kinafungwa na ule utepe wa kunata, wenye kelele.

Kraaaaaa.

Meza ya jirani walikuwa wanaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Wakaacha kwenye jina la mtoto. Mama Kelvin, mwanamke wa kilo zake, sikumwona alivyoshuka, niliona tu kiti kitupu. Kijana wa Tanga akakumbatia mfuko wake wa chakula. Nyuma ya yule binti akatokea baunsa, mtu mpana hadi taa ikapungua, kiganja kimoja mbele kama trafiki wa Ubungo.

Na hapo nikamsikia Baba Frida. Hakupandisha sauti, hakutingisha hata sharubu. Kwa Kiswahili, pole pole, kama anayemwamsha mtoto:

"Mwanangu. Mikono mezani. Mkanda usiuguse. Na hiyo sentensi unayotaka kusema, imeze."

Nikaweka mikono mezani. Mmoja ukatua kwenye mchuzi wa pilipili, nikauacha humo humo. Ndio baadaye nikajifuta macho, na ndipo machozi yalipotokea. Shemeji, umesikia?

Mengine ni haraka tu. Baunsa alifungua kipochi mwenyewe, kwa vidole viwili, akakuta Tecno yenye ufa, kikokotoo bado kiko wazi, kimeandika 117.60. Akamwonyesha yule binti. Binti akakaa chini kwa kucheka. Nikapelekwa mlangoni, nikaambiwa nisome bango kwa sauti. Nikasoma. Nikarudi, nikalipa zote, na bakshishi nikaweka asilimia 25 bila kuombwa. Mama Kelvin alipatikana jikoni.

Garini Baba Frida alisubiri Shemeji amalize kupiga makofi kwenye dashibodi, kisha akafungua kisanduku cha kufuli, akachukua bastola yake, na darasa likaanza. Ile 51 maana yake ni kwamba mahali hapo asilimia 51 ya mapato au zaidi hutokana na pombe inayonyweka hapo hapo, na ndani yake hakuna anayeruhusiwa kuingia na bunduki, awe na leseni au asiwe nayo. Si suala la kukemewa na mhudumu, hiyo ni jinai. Vivyo hivyo shuleni, mahakamani, kituo cha kupigia kura, mpaka kwenye mashindano ya farasi. "Na wewe," akasema, "ulitangaza mbele ya watu kwamba mimi na wewe tumeingia nazo."

Sikujibu. Niliangalia dirishani.

"Alama zingine za mlangoni ni za mwenye mahali kukataa bunduki mwenyewe," akaendelea, sasa kanogewa. "Hizo ni zile za 30.06 na 30.07, namba za vifungu vya sheria. Herufi kubwa, lugha mbili. Ya 06 ni kwa mwenye leseni aliyeificha, ya 07 ni kwa aliyeianika kiunoni. Ukipuuza, faini hadi dola 200, na ukiambiwa utoke ukagoma, ndiyo balaa. Hata lile duka unalonunulia unga wa ugali wanazo zote mbili mlangoni. Umeziona?"

"Nimeziona," nikasema.

"Na hizo ulizielewaje?"

Shemeji akazima redio ili asikie vizuri.

Jamani, kwetu tarehe 30 mwezi wa sita ni mwisho wa mwaka wa fedha. Watu hufunga, wakahesabu mali. Mimi niliona 30.06, nikajua wametoa taarifa mapema, waungwana kweli. Unga ulikuwa umeniishia tarehe 29, nikajibana. Siku nzima ya tarehe 30 nilishindia mkate mkavu na maji ya bomba.

Ya 30.07 niliwahi. Nilinunua mifuko miwili siku moja kabla.