Louvain Ile ya Zamani

Mke wangu hakubali kwamba tulipotea. Husema kwamba yeye hakupotea hata dakika moja, bali alimfuata mtu aliyepotea, kwa sababu ndivyo alivyoahidi mbele ya padri mwaka 1981. Tofauti hiyo amekwisha kuwaeleza majirani wote wa barabara yetu hapa Katuba, Lubumbashi, nami nimeona ni afadhali nisimulie mwenyewe kabla habari haijafika parokiani.

Tulikuwa tumekwenda Ubelgiji kumtembelea binti yetu, anayeishi Liège na mume wake na mtoto wao ambaye tulikuwa bado hatujampakata. Tulipanga kukaa majuma sita bila haraka yoyote. Tulikula, tukalala, tukambeba mjukuu, tukaenda Bruxelles kumsalimu shemeji yangu, na huko, katika mtaa wa Matonge, mke wangu alinunua sombe, yaani majani ya muhogo, kwa bei ambayo hadi leo huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Ilibaki ziara moja ambayo ilikuwa yangu hasa. Nina rafiki niliyesoma naye hapa Lubumbashi miaka ya sabini, katika Kitivo cha Fasihi, ambacho kilihamishiwa kwetu kutoka Kinshasa mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vitatu kuwa kimoja. Baadhi ya maprofesa wetu walikuwa wametoka Lovanium, chuo kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954 kama mtoto wa chuo kikuu cha Louvain huko Ubelgiji, na kila walipolitaja jina la huyo mzazi walinyoosha mgongo. Rafiki yangu sasa anaishi Louvain-la-Neuve. Binti yetu alinieleza njia mara mbili, kwamba tushuke Namur, tubadilishe treni, tushuke Ottignies, tubadilishe tena, kisha akaiandika kwenye karatasi. Niliipokea karatasi hiyo kwa adabu na kuiacha katika mfuko wa koti jingine.

Naomba nieleweke. Nimefundisha historia kwa miaka 34, na Louvain nilikuwa ninaijua: chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425, na maktaba yake ilichomwa moto na askari wa Ujerumani mwezi wa Agosti mwaka 1914. Ule mkia wa "la-Neuve", yaani "Mpya", niliupima kwa akili za Lubumbashi. Sisi tunayo komuni inayoitwa Annexe, ambayo imeuzunguka mji, na mgeni anayekwenda Annexe huja kwanza Lubumbashi, kisha hutafuta taksi-basi. Nikaamua kwamba la-Neuve ni Annexe ya Louvain.

Stesheni ya Liège-Guillemins ni kazi ya Mhispania Santiago Calatrava na ilifunguliwa mwaka 2009. Ni mbavu tupu, za chuma na kioo, zimeinama juu ya reli toka upande huu hadi ule. Mke wangu alisimama katikati, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema kwamba sasa anajua alichokiona Yona. Mimi nilikuwa dirishani kwa karani wa tiketi, ambaye aliniuliza kwa upole mkubwa: "Louvain, au Louvain-la-Neuve?" Nilimjibu: "Louvain yenyewe, bwana. Ile ya zamani." Akanipa tiketi mbili bila neno jingine, na mimi nikaondoka pale nikijiona profesa.

Treni ilikuwa laini na ya kasi. Baada ya muda mfupi sauti ya matangazo ikasikika tena, na mke wangu akanigusa mkono.

"Baba, hawa watu wamebadilisha lugha."

Nilimweleza kwamba katika nchi ile ukivuka mpaka wa jimbo, lugha ya treni nayo hubadilika, na kwamba huko tunakokwenda watu husema Kiflamandi na huandika Leuven badala ya Louvain. Maelezo hayo yote yalikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma.

"Na rafiki yako anakijua Kiflamandi?"

"Hata neno moja."

"Sasa anaishi vipi na watu hawa?"

Nikamwambia atazame ng'ombe dirishani.

Tulishuka baada ya kama nusu saa, tukatokea kwenye uwanja mpana wenye mnara wa ukumbusho wa watu waliouawa vitani. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu, ambayo sikuwa nimeisikia kwa ukaribu ule miaka mingi.

"Ndugu yangu, mmefika?"

"Tumefika! Tuko mlangoni mwa stesheni."

"Na mimi niko mlangoni. Mama amevaa nini?"

"Kitenge cha njano."

"Sioni njano yoyote. Bado mko chini, pandeni ngazi."

Inafaa msomaji ajue jambo ambalo mimi sikulijua wakati ule: Louvain-la-Neuve imejengwa juu ya sakafu kubwa ya zege, magari hupita chini na watu hutembea juu, na stesheni yake imo chini. Mimi niliona tu kwamba ngazi zipo. Tuliteremka chini ya reli, tukapanda zile zilizokuwa mbele yetu, nikampigia.

"Tumepanda."

"Mnaona nini?"

"Wanafunzi wengi."

"Vizuri sana! Hata mimi ninawaona."

Tukafurahi wote wawili. Nikaongeza kwamba wanafunzi hao wana baiskeli nyingi ajabu, mamia kwa mamia, zimefungwa kila mahali. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baiskeli?" Lakini simu ikakatika, nami nikarudi uwanjani kumngojea, nikiwa sina wasiwasi hata kidogo. Mtu aliyewahi kungojea treni ya Kamina katika stesheni ya Lubumbashi, ambapo wasafiri huja na mkeka, watoto, sufuria na mbabula ya makaa, hawezi kutishwa na saa moja ya kungoja mahali penye benchi. Nilitumia muda huo kumsimulia mke wangu habari za mwaka 1914, maktaba ilivyoungua na vitabu vyake, huku nikionyesha kwa mkono upande ambao nilidhani maktaba ilikuwako.

Yeye alikuwa na shughuli nyingine. Zawadi yetu kwa mwenyeji ilikuwa ndakala, samaki wadogo wakavu kutoka nyumbani, tuliowafunga katika magazeti tabaka tatu na kuwakaza kwa utepe wa kitenge, na mfuko huo ulikuwa miguuni pake. Akatokea bibi mmoja mzee na mbwa mdogo aliyevalishwa kikoti. Mbwa aliunusa mfuko, akauzunguka mara moja, kisha akaketi mbele ya mke wangu, kichwa juu, macho yametulia, kama mkristo anayengojea komunyo. Bibi alivuta kamba, mbwa hakuondoka. Bibi akasema jambo kwa Kiflamandi, mke wangu akamjibu kwa Kiswahili, na katika mazungumzo ya saa ile nzima hao wawili ndio walioelewana. Mke wangu alifungua pembe ya gazeti, akatoa ndakala mmoja, akamwonyesha bibi kwanza, bibi akainamisha kichwa, na mbwa akapokea.

Hapo ndipo simu ilipolia tena. Rafiki yangu alizungumza polepole, kama daktari.

"Ndugu yangu, nisomee jina lililoandikwa kwenye stesheni."

Nilimsomea herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: L, E, U, V, E, N. Kimya. Kisha nikasikia kicheko ambacho mke wangu alikisikia pia, ingawa alikuwa hatua tatu mbali nami na mbwa alikuwa akitafuna.

Kati yetu na rafiki yangu kulikuwa na karibu kilomita 25, mpaka wa lugha, na treni nyingine mbili, moja ya kupitia Wavre hadi Ottignies na nyingine ya kumalizia. Tulifika jioni. Alikuwa amesimama juu ya ngazi zile zile, amefungua mikono, na salamu yake ya kwanza ilikuwa: "Karibu, profesa."

Mezani alitueleza yale ambayo somo langu la historia halikuwahi kuyafikia. Waflamandi walidai kwamba Wafaransa, maana yake Wabelgiji wasemao Kifaransa, waondoke katika chuo cha Louvain. Mzozo huo uliiangusha serikali mwaka 1968. Chuo kikagawanyika, na walioondoka wakajijengea mji mpya mashambani, ambako wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1972. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa: vyenye namba shufwa upande mmoja, vyenye namba witiri upande mwingine. Mke wangu alisimamisha tonge la bukari hewani.

"Kama watu walioachana wakigawana vikombe," alisema.

"Kabisa, Mama. Ndiyo maana hapa kila mtu huuliza kwanza: ni Louvain ipi?"

Nilikuwa nimekusudia kutolitaja kamwe swali la karani wa Liège, na nilidhani kwamba wakati ule mke wangu alikuwa bado ndani ya samaki wa Yona. Kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisimulia yote, pamoja na neno "bwana" na namna nilivyoinua kidevu, na rafiki yangu akalazimika kuondoka mezani kwenda kunywa maji.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, jirani alituuliza kama kweli tulifika Louvain. Nilifungua mdomo, lakini nilichelewa.

"Mimi nilikuwa ninakwenda Annexe," mke wangu alisema, "ila Baba alikuwa na shughuli mjini."